Injini ya Mtu Mwingine

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima Rayya alipoliingiza gari lake la jeep kwenye gereji ya Anwar, nje ya mji wa Nizwa. Moshi wa bluu ulikuwa mzito hivi kwamba muuza matairi wa jirani alifunga mlango wake. Rayya alikuwa ametoka kuwarudisha walimu watatu kutoka shule ya juu mlimani. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye, bintiye Muzna na mama mkwe wake tangu mumewe, Sulayim, azikwe miezi minane nyuma. Wiki ile gari lilikwisha kumwangusha siku mbili. Wenye shule walimwambia kwamba ya tatu itakuwa ya mwisho, watatafuta dereva mwingine.

Anwar, fundi wa Kibangladeshi aliyemjua miaka mingi, aliinama kwenye boneti, akanusa.

"Mama Muzna, gari lako linavuta sigara kumshinda mjomba wangu. Na mjomba wangu amekufa."

Akamweleza njia mbili. Ya kwanza, injini ishushwe, silinda zichongwe, pistoni na ringi ziwe mpya, wiki tatu zikienda vizuri. Ya pili, itolewe kabisa, iwekwe iliyotumika, ya gari la ajali. Hiyo ni siku tatu, ila yeye hakuwa nayo. Mwenye nazo ni Mzee Zahran, mwisho wa bonde, baada ya mashamba ya mitende. Alimhimiza aende kabla giza halijashika. Rayya alipomwomba amsindikize, Anwar alianza kupanga spana zake.

"Kule mimi napiga simu tu," akasema.

Njia nzima Rayya alikuwa akibishana kimoyomoyo na mama mkwe wake. Bi Ghaliya hakutaka injini ile iguswe na mtu, sembuse kubadilishwa, kwa kuwa mwanawe aliifungua mara mbili kwa mikono yake mwenyewe. Na tena Bi Ghaliya hakukubali kwamba mwanawe amekufa. Sulayim alikutwa amelala kando ya barabara, ubavuni mwa gari lile, bila jeraha. Amechukuliwa, alisema mama yake, mmezika mfano wake tu, yeye ni msukule mahali fulani anatumikishwa. Kule milimani wengi huamini hivyo. Rayya hakuamini. Alimwosha mumewe kwa mikono yake. Maiti ni maiti.

Ua wa Mzee Zahran haukuwa na taa.

Injini zilikuwa zimepangwa juu ya matairi, safu kwa safu, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe. Palinuka oili. Na chini ya oili palikuwa na harufu nyingine, ambayo Rayya aliitambua kwa vidole kabla ya pua... majani ya mkunazi. Karafuu maiti, kama siku aliyomwosha Sulayim.

Mzee alitoka na birika la kahawa na sahani ya tende. Mtu mdogo, msafi, mpole. Rayya alikuwa hajaweka kitu kinywani tangu asubuhi. Alipopewa kikombe alikinywa papo hapo, na cha pili, kisha akakitikisa kuonyesha kwamba ametosheka. Mzee alikipokea akatabasamu.

"Haya binti yangu. Tuifufue, au tubadilishe?"

Rayya akasema hajui, anataka fundi aisikilize kwanza. Mzee akakohoa kidogo kuelekea bandani. Bandani mlikuwa na watu. Rayya hakuwa amewaona, walivyokuwa wamesimama kimya. Mmoja wao akaja, kilemba kimefunika uso mpaka machoni, miguu pekupeku. Hakusalimu. Akafungua boneti, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigandamiza kwenye injini iliyokuwa ikiunguruma.

Mpini akauweka katikati ya meno.

Mafundi wote husikiliza kwa bisibisi, lakini huiweka sikioni. Rayya alimjua mtu mmoja tu aliyeiuma. Sulayim aliharibikiwa masikio yote mawili kwenye machimbo ya mawe, akawa anasikia injini kwa mifupa ya kichwa.

Yule mtu akapeleka mkono nyuma, pasipoonekana, akaikaza bolti ya kushoto. Bolti hiyo ilikazwa kinyume na nyingine zote. Hakuipapasa. Hakukosea.

Rayya alirudi nyuma hatua moja. Akashika mlango wa gari.

"Simtaki huyu awe fundi wangu," akamwambia mzee, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. "Namtaka yeye mwenyewe. Niondoke naye."

Mzee Zahran alikitazama kikombe kitupu kwa huzuni, huzuni ya kweli kabisa.

"Hukulelewa huku? Mwenye haja hukiweka kikombe chini. Husema, sinywi mpaka unipe ninachotaka. Ungekiweka chini, nisingekuwa na la kufanya. Wewe umekunywa, ukatikisa."

Rayya alijua. Kila mtoto wa milimani anajua. Baba yake mwenyewe aliwahi kuiacha kahawa ipoe mbele ya watu ili kaka yake Rayya apewe mke. Lakini alikuwa na kiu, alikuwa amechoka, na alikuwa amekuja kwa ajili ya injini.

Mzee akaendelea kwa upole. Injini hii ikifufuliwa, ni lazima aifungue fundi huyu. Siku arobaini. Rayya atakuja kila jioni, atamtazama. Taratibu fundi ataanza kukumbuka. Siku ya arobaini gari litaondoka na yeye atabaki, akikumbuka kila kitu. Ikibadilishwa, injini yake itabaki hapa, awe na kitu cha kushika. Na Rayya ataondoka usiku huu na nyingine, bure.

Siku arobaini za kumwona. Rayya alizitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Kisha akafikiria siku ya arobaini na moja ya Sulayim, humu ndani, akikumbuka kila kitu.

Akamsogelea yule mtu.

"Wewe unaonaje, fundi?" akanong'ona, akiiacha midomo isomeke kama zamani.

Macho yalimtazama kama yanavyomtazama mteja yeyote.

"Imechoka hii, mama," akasema. "Usiitese. Badilisha."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya boneti. Ulikaa hapo... ukakaa... mpaka mzee akakohoa.

"Badilisha," Rayya akasema.

Walitoka wote bandani. Kazi ya siku tatu waliimaliza adhana ya isha haijaadhiniwa. Hakuna nyundo iliyolia. Hakuna aliyesema, lete ile, shika hapa. Walipomaliza, mmoja aliifunika injini ya zamani kwa kitambaa cheupe, na Sulayim akaketi karibu nayo kama anayesubiri basi.

Nyumbani Bi Ghaliya aliusikia mngurumo mpya kabla Rayya hajashuka. Hakumuuliza ameiacha wapi ile ya zamani. Alimuuliza kama amemwona.

"Sikuona mtu," Rayya akasema. Angesema kweli, bibi yule angefunga safari kwa miguu usiku uleule.

Alfajiri gari liliwaka mara moja, halikutoa moshi hata chembe. Walimu walimtania, wakamuuliza kama ameolewa na fundi. Alicheka nao kidogo. Mlima ukapandwa kama si mlima.

Katika kijiji cha pili kutoka juu, bibi mmoja alitoka mbio nyumbani kwake, hana viatu, unga mikononi. Akasimama katikati ya barabara. Rayya alifunga breki. Bibi hakumtazama dereva wala walimu. Aliweka viganja vyote viwili juu ya boneti, akainamisha shavu, akasikiliza.

"Naufahamu mlio huu," akasema. "Mwanangu Khalfan yuko wapi?"

Mwalimu mmoja akaitazama saa, akasema taratibu kwamba wanachelewa.

Rayya alishika usukani kwa mikono miwili. Jibu alikuwa nalo. Njia ya kwenda kule angeweza hata kumchorea bibi yule mchangani, na kumwambia jambo la kikombe.

Bibi angeenda. Angekiweka kikombe chini. Na mwanawe angetoka mle, akiwa nani?

Njia hakumchorea. Hakuzima injini pia. Aliiacha iungurume, na bibi akabaki pale na shavu lake juu ya bati la moto, mpaka kengele ya shule ikasikika ikilia juu kabisa.