Kifaranga wa Sita

Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikanawa mikono kwa sabuni, ndipo nikaruhusiwa kugusa blanketi. Hiyo ilikuwa sheria ya Bibi, mama yake mama yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka mitatu. Bibi alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Dirisha lenyewe halikumsaidia tena, kwa sababu ya mtoto wa jicho aliona mwanga tu, na mwanga haufumi.

Blanketi hilo alilianza alipokuwa bado anaona. Kwanza alichora picha kwenye karatasi ya miraba, ile ya daftari la hesabu: kuku mkubwa, na vifaranga wakimfuata kwa mstari juu ya majani. Mraba uliopakwa penseli, unaujaza uzi. Mraba mtupu, unaacha tundu. Ukiifuata karatasi safu kwa safu, kutoka chini kwenda juu, kuku anatokea mwenyewe. Bibi alifika kwenye majani, chini kidogo ya miguu ya kuku, macho yakamshinda.

"Mapepe," aliniambia. Ndivyo anavyoniita, na sitasema ananionea. "Alhamisi ya wiki ijayo nafanyiwa upasuaji wa jicho. Nataka nijifunike blanketi hili hospitalini. Utanifumia?"

"Hilo tu, Bibi? Mbona dogo!"

"Haya. Hesabu miraba kabla hujaingiza sindano. Kila safu."

Siku ya kwanza nilihesabu. Siku ya pili alikuja rafiki yangu wa nyumba ya pili, msichana tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Alinisimulia jinsi mwalimu wa hesabu alivyokuja darasani na koti alilogeuza nje ndani. Mimi nacheka, mkono unafuma. Kumbe nilikuwa kwenye safu ya miguu ya vifaranga, ile ambayo safu zote nyingine hukaa juu yake. Nilipofika ukingoni nilikuta nimeacha matundu mengi mno baada ya kifaranga wa tano. Miraba iliyobaki ilikuwa mitatu, na kifaranga wa mwisho alihitaji tisa.

Kufumua safu moja na kuifuma upya kungenichukua nusu saa. Nusu saa tu, jamani! Lakini Chiriku alikuwa ameshasimama, ananingoja tukacheze. Nikaijaza ile mitatu kwa matundu, nikakimbia.

Kesho yake nikakumbuka kwamba Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama, ni fundi cherehani na Jumapili atakuja kukagua. Jicho lake halipitwi na uzi. Nikachukua kifutio, nikamfuta kifaranga wa sita kwenye karatasi. Nilisugua taratibu nisichane, kama mwizi wa sukari. Kisha nikaendelea kufuma, safu baada ya safu, juu ya lile kosa.

Jumapili Mama Mkubwa aliweka karatasi kando ya blanketi, akalinganisha. "Vinafanana. Hongera, mwanangu. Leo hata jina la Mapepe limekukataa."

Bibi akaomba alishike. Alilitandaza mapajani akaanza kupapasa, maana pale palipojazwa vidole vilikuta unene, na pale palipoachwa vilizama kwenye matundu. Akampata kuku. Akahesabu vifaranga kimya kimya. Akarudi mwanzo, akahesabu tena.

"Wako watano," alisema.

"Hata karatasini wako watano, mama," alijibu Mama Mkubwa.

Bibi aliacha kupapasa. "Basi na akili nayo inaniaga, kama macho. Sikumwambia mtu, lakini nilichora wanangu. Nilizaa sita. Yule wa mwisho, aliyekaa ukingoni, ni kitinda mimba wangu, mama yake Mapepe. Nimemzika mwenyewe. Sasa nimefikia hata kumsahau?"

Machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyoona. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Ningeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini Bibi angeingia chumba cha upasuaji akiamini amemsahau mwanawe.

"Bibi, hukumsahau," nilisema. "Ulimchora. Mimi ndiye niliyemfuta."

"We mtoto!" Mama Mkubwa aliruka. "Yaani ulifuta karatasi ili kunidanganya mimi?"

Bibi aliinua mkono anyamaze. Niliwaeleza yote, tangu koti la mwalimu mpaka kifutio. Bibi hakunigombeza. Alipapasa mpaka akaupata mwisho wa uzi, akanipa.

"Vuta," alisema.

Nikavuta, yeye akaviringa donge. Safu kumi na nne, kazi ya jioni tano, ziliisha kabla chai haijapoa. Nililia mwanzo mpaka mwisho, naye akaniacha nilie.

Penseli ilikuwa imeacha mikwaruzo karatasini. Nikaifuata, nikamchora kifaranga upya. Chiriku alipokuja nilimpa kazi ya kuhesabu miraba kwa sauti, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ukatufaa. Jumatano jioni vifaranga sita walikuwa wamekamilika, lakini mpaka wa juu ulikuwa bado.

Alhamisi muuguzi alilitazama blanketi akacheka. "Bibi, mbona halijaisha hili?"

"Najua, mwanangu. Lakini waliotakiwa kuwamo wamo."

Siku bandeji ilipotolewa, Bibi alinitazama kwanza mimi, kwa muda mrefu. Kisha akaomba blanketi na karatasi. Akahesabu kwa jicho, bila vidole, mpaka sita. Kidole chake kikasimama pale karatasi ilipokuwa imechakaa.

"Hapa ndipo ulipofuta?"

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ile uliposema. Sikiliza, mjukuu wangu. Hakuna mfumaji asiyekosea, hata mimi nimefumua mengi. Ukikosea, fumua kazi, usifute karatasi. Ukifuta karatasi, anayekuamini atadhani mkosaji ni yeye, na atalia machozi yaliyokuwa yako."

Niliinamisha kichwa. Bibi akanisogezea donge la uzi.

"Haya, kanawe mikono. Tumalizie mpaka wa juu."