Maiki Isiyochomekwa

Rafiki yangu Elihuruma ni fundi kompyuta, na si mtu wa kutunga mambo. Studio ya kwaya pale Kaloleni iliweka mfumo mpya kwenye kompyuta, programu yao ya zamani ya kurekodi ikagoma. Wakamwita Elihuruma, naye akauweka mfumo wa zamani uishi ndani ya ule mpya, kwenye kidirisha chake, kama kompyuta ndani ya kompyuta. Programu ikafunguka.

Chumba kilikuwa giza, balbu imeungua. Akavaa hedifoni ajaribu. Hakuna maiki iliyochomekwa, lakini akasikia mtu anakohoa. Muda kidogo akakohoa yeye, kikohozi kilekile. Hedifoni zikauliza kwa sauti yake, “Nani huyo?” Mdomo wake ukarudia, hakuweza kuuzuia.

Kisha, mle mle kwenye hedifoni, akasikia mlango ukifunguka, na yeye mwenyewe akipiga yowe lililokatika ghafla.

Alikimbia.

“Kaka, lile yowe bado sijalipiga,” huniambia, macho yakiwa mlangoni.