Kivuli Shukani

Haya yalimpata rafiki yangu dobi, mwenye ulimi unaochubua kuliko sabuni yake. Ghorofa jipya lilikuwa limemeza nusu ya jua la ua wake. Faraja yake moja: mumewe, mpaka rangi, alining'inia huko juu kwa kamba, na kivuli chake kikibembea kwenye shuka alizoanika.

"Shika kamba, baba watoto," alikitania mchana mmoja. "Sina nguvu za kutafuta mwingine."

"Na mdomo huo atakuoa nani?" akajibu mumewe, nyuma yake. Alikuwa ameshateremka, yuko mlangoni anakunywa maji.

Dobi hakugeuka. Kivuli bado kilibembea shukani, na kamba ikalia kriii, kriii, karibu na sikio lake. Kisha kivuli kikaachia kamba.

Nyuma yake akasikia kikombe kikianguka.