King'ora cha Duara la Marwa

King'ora kililia kabla mtu hajakigusa.

Ukurasa wa simu unaokiendesha aliutengeneza Aneth, mama Nelly, fundi wa kujifunzia kwenye simu. Mumewe Selestine alikuwa peke yake chini ya duara, shimo la dhahabu. Akibonyeza kitufe cha "Pandisha" kwenye simu yake, waya unaleta ishara kwenye kompyuta ya juu, king'ora kinalia, na Maduhu, msaidizi wa juu, anawasha winchi ya kuvuta kamba. Wachimbaji wa Kharumwa walimcheka, eti anachimba dhahabu kwa kompyuta. Maduhu yeye hakucheka. Alijua Marwa, mwenye duara, aligoma kuchinja mbuzi wa kumtuliza jini wa pale.

"Mama Nelly, kinalia. Nivute?"

"Subiri, ni kosa langu." Kwenye kitufe alikuwa ameandika pigaKingora() pamoja na mabano yake, hivyo ukurasa ukifunguka tu, amri inatekelezwa bila kusubiri kidole. Kosa la kila anayeanza. Akafuta mabano, akafungua ukurasa upya. Kimya. Akafurahi kama mtoto.

King'ora kikalia.

"Sasa ni yeye. Vuta!"

Kamba ilipanda ikinukia udi, na huko chini udi ungetoka wapi? Selestine akatokea, ameloa chapachapa, akaenda kuketi nyuma ya Aneth bila kusalimia. Maduhu akairudisha kamba chini kama kawaida.

King'ora kikalia tena, kikakatika, kikalia, na Aneth akapitia mstari baada ya mstari akitafuta mabano aliyoyasahau, udi ukimjaa puani, maana aliyeshuka ni mtu mmoja tu na mtu huyo ameketi hapa, anapumua shingoni kwake, na pumzi yenyewe ni ya baridi.

"Aneth," sauti ya nyuma yake ikasema taratibu. "Umekosea tu. Ifute yote."

Aliogopa mno, alichotaka ni kelele ziishe. Akaifuta amri nzima. King'ora kikanyamaza.

Ndipo sauti nyingine ikapanda kutoka shimoni, ikihema.

"Mama Nelly! Hewa imeisha huku! Nabonyeza, nabonyeza, mbona hamvuti?"

Tangu Nelly azaliwe, Selestine hajawahi kumwita mkewe kwa jina la Aneth; humwita Mama Nelly tu.

"Maduhu, winchi!" Aneth alisema.

"Mayu wane, mama yangu," Maduhu alinong'ona, hakusogea. Alikuwa akitazama nyuma ya Aneth. Yule aliyeketi alikuwa amesimama tayari, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine panga la kukatia magogo.