Sindano Isiyokandwa

Kila asubuhi, kabla ya kupanga kabichi zake mbele ya nyumba, Mama Kahindo hupokea wagonjwa. Yeye si muuguzi. Ana beseni, taulo na mikono yake miwili. Pale mtaani Mapendo, hapa Goma, mtoto akipigwa sindano ya malaria na kurudi nyumbani akichechemea, mama yake humleta kwa Kahindo. Kahindo huchovya taulo kwenye maji ya moto, huikamua, kisha hukanda. Mtoto hupiga kelele, halafu hutulia. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake kule Butembo.

"Hakuna mutu mikono yangu ilishindwa," husema. Husema hivyo hata kama hakuna aliyemuuliza.

Mimi ni mwalimu wake. Ninawafundisha watu wazima kusoma, Jumanne na Alhamisi, na Kahindo ndiye mwanafunzi wangu mkaidi kuliko wote. Ninampenda sana. Nimeanza kwa kumsifu kwa sababu baadaye nitamsema.

Kahindo ana mtoto wa kiume, Prodige, mwenye miaka ishirini na sita. Baba yake, Paulin, ni mfanyabiashara wa maharage, na siku nyingi yuko safarini. Miaka mitatu iliyopita Prodige aliugua. Alisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Zilimtukana. Zilimwambia kwamba chakula chake kina sumu. Siku moja alitembea bila viatu mpaka Kibumba, na miguu yake ikachanwa na mawe.

Majirani walisema amerogwa. Familia ilimwombea, na ni vizuri walifanya hivyo. Lakini walimpeleka pia kituo cha afya. Huko waliambiwa kwamba ni ugonjwa wa akili, na kwamba ugonjwa huo una dawa.

Prodige alianza na vidonge. Vilimsaidia, lakini alivisahau mara nyingi. Mwishowe alikubali sindano inayofanya kazi muda mrefu. Alipigwa moja tu kila majuma manne. Sauti zilipungua, kisha zikanyamaza. Akarudi kazini.

Na kazi yake si ndogo! Prodige hutengeneza chukudu katika karakana ya Muzee Léopold. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani. Hubeba magunia ya viazi na kabichi kutoka Kibumba mpaka mjini, na haihitaji hata tone moja la mafuta. Sisi watu wa Goma tunaringa nayo, na tuna haki.

Muzee Léopold ana sheria moja. Fundi anachonga jina lake kwenye mti ikiwa tu ametengeneza chukudu nzima peke yake. Prodige alikuwa amesaidia kutengeneza nyingi. Hakuna hata moja iliyokuwa na jina lake.

Mwezi wa pili wa mwaka, mkulima mmoja wa Kibumba aliagiza chukudu kubwa. Léopold alimwita Prodige.

"Hii ni yako," alisema. "Utaitengeneza weye moja. Miye nitaangalia tu."

Prodige alikimbia nyumbani kumwambia mama yake. Kahindo alicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Juma hilohilo, siku ya sindano ilifika. Ilikuwa sindano ya nne. Prodige aliporudi, beseni lilikuwa tayari linatoa mvuke.

"Lala hapa nikukande," alisema Kahindo.

"Mama, mara ile nyingine iliniuma sana."

"Njo vile dawa inaingia. Lala!"

Akamkanda kwa nguvu, mpaka jasho likamtoka. Alifanya hivyo kila mwezi, kwa upendo wote alionao.

Mahali pa sindano palivimba. Baada ya siku chache, mikono ya Prodige ilianza kutetemeka. Miguu ilikuwa migumu. Hakuweza kukaa kitini hata kidogo. Alisimama, akatembea, akakaa, akasimama tena. Miezi iliyopita pia alihisi ugumu, lakini haukuwa mwingi hivi. Kazini, tezo yake ya kuchongea ilimponyoka na kupasua gurudumu zuri.

"Muzee, mikono iko kama ya mutu mwingine," alisema.

"Enda upumzike kwanza," alijibu Léopold. "Mti haitakimbia."

Kahindo alikasirika. Si kwa Léopold, bali kwa sindano.

"Ile sindano inakuharibia mikono," alisema. "Mwezi huu hatuende."

Prodige alifikiria chukudu yake. Alifikiria jina lake juu ya mti. Akakubali.

Siku ya randevu, yaani siku ya sindano iliyofuata, ilipita. Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Mikono ililegea na kupata wepesi. Prodige alichonga gurudumu jipya, la mviringo kamili. Kahindo alijisifu darasani kwangu, na mimi, mwalimu mzima, nilipiga makofi. Sikujua chochote.

Halafu, juma la tatu, Prodige alinusa sahani yake ya maharage na kuisukuma mbali. Kazini alimwambia Léopold kwamba gurudumu linamsema vibaya. Kahindo alipoiona sahani ile, alipata hofu kubwa. Alikumbuka sahani ya namna hiyo miaka mitatu nyuma. Ugonjwa ulikuwa umeanza hivyohivyo.

Alijifunga kitambaa kichwani na kutoka mbio. Mlangoni alikutana na Bénédicte, muuguzi wa kituo cha afya. Alikuwa amebeba daftari la wagonjwa.

"Mama Kahindo, randevu ya Prodige ilipita, na hatukumuona," alisema Bénédicte. "Nimekuja kuangalia kama iko muzuri. Unakimbia wapi?"

"Ku farmasi ya pale kona! Bamupige sindano mbili mara moja. Ya mwezi ile tuliruka, na ya mwezi hii."

Bénédicte hakuondoka mlangoni.

"Hapana, mama. Hatupige mbili. Dawa hii ikiisha kuingia, inakaa mu mwili majuma mingi. Ikizidi, hatuwezi kuitosha inje. Na ile farmasi haina fishi yake, karatasi ya matibabu yake. Habajue dozi yake. Mukipitisha siku, munakuja kwetu mbio, hata kama mumechelewa. Munganga wa kituo njo anaangalia nini ya kufanya. Sasa niambie, juu ya nini hamukukuja?"

Kahindo alimkaribisha ndani. Alieleza yote: kutetemeka, ugumu, gurudumu lililopasuka.

"Na pale pa sindano palivimba?"

"Palivimba! Na nilimukanda muzuri, na maji ya moto, kila mwezi!"

Bénédicte alifumba macho kidogo.

"Ulimukanda, mama?"

"Njo kazi yangu! Mutaa yote inajua."

"Ninajua. Lakini hii sindano hatuikande. Hata kidogo. Mama, ukipika maharage, unafunika makala ya moto na majivu, si vile?"

"Ndiyo. Yawake pole pole."

"Na mutu akikuja kupepea yale makala?"

"Ninamufukuza!"

"Basi. Dawa hii tunaiweka ndani ya nyama, ikae pale, itoke pole pole majuma mane. Ukiikanda, unapepea makala. Mahali pale panaumia, na dawa inaweza kutoka mbio kuliko vile tunataka."

Kahindo aliitazama mikono yake.

"Basi ni miye nilimutetemesha mutoto wangu?"

"Hapana, si yote," alisema Bénédicte. "Hata bila kukanda, dawa hii inaweza kuleta ugumu na kutetemeka. Kwa bengine dozi iko nguvu sana. Ingefaa mutuambie, tuipunguze ao tumupe dawa ya kusaidia. Na siye tulikosa. Tulikuambia siku ya kurudi, hatukukuambia usikande. Na hatukumuuliza Prodige mwili inajisikia namna gani."

Prodige alikuwa ameegemea ukuta.

"Miye njo ninapigwa sindano," alisema polepole. "Muniulize miye."

Wote wawili walimgeukia.

"Unataka nini, Prodige?" aliuliza Bénédicte.

"Ninataka mikono. Na ninataka zile sauti zinyamaze. Byote mbili."

"Ni haki yako," alisema Bénédicte. "Na inawezekana. Twende."

Walikwenda siku ileile. Daktari alimsikiliza Prodige kwa muda mrefu. Alimwambia anyooshe mikono, atembee, akunje viwiko. Alipunguza dozi kidogo, akampa na vidonge vya kusaidia kama ugumu utarudi. Alimweleza avinywe namna gani, na asiongeze mwenyewe. Alimwomba aache kasiksi, maana pombe na dawa hii havipatani. Bénédicte alipiga sindano upande mwingine, upande ambao haukuvimba. Kisha aliandika tarehe kwenye fishi, akawaeleza na dalili za hatari.

"Mama Kahindo, sema sasa nini utafanya," alisema.

Kahindo alinyoosha mgongo kama yuko darasani kwangu.

"Sitamukanda. Hatutaruka mwezi, hata akijisikia muzuri, juu dawa njo inamufanya ajisikie muzuri. Kama dawa inamusumbua, tunakuja kusema, hatuache sisi benyewe. Kama tunasafiri, tunakuambia mbele."

"Na nini ya kukuja mbio, bila kungojea siku ya randevu?"

"Homa kali na mwili kukakamaa, ao kichwa kuchanganyikiwa. Shingo kupindika. Macho kubakia juu. Ulimi kukazana, ao kushindwa kumeza na kupumua." Alivuta pumzi. "Na fishi nitaisoma miye mwenyewe."

Akaisoma, kidole chini ya kila namba, mpaka mwisho. Mimi sikuwepo, lakini Bénédicte alinihadithia, na nilivimba kichwa siku nzima.

Msidhani mazoea hufa mara moja. Walipofika nyumbani, Kahindo aliweka maji jikoni bila kufikiri. Maji yalichemka. Taulo ilikuwa mkononi. Prodige alimtazama tu. Kahindo alitazama taulo, akatazama beseni, kisha akatia majani ya chai kwenye maji yale.

"Kunywa," alisema kwa hasira. "Iko ya moto."

Walicheka mpaka chai ikamwagika.

Sauti hazikuondoka siku ileile. Zilichukua majuma. Prodige aliendelea kulala nyumbani, kula kidogo kidogo, na kumwambia mama yake zikirudi. Kahindo hakubishana naye, wala hakumcheka. Alimwambia, "Niko hapa." Siku ya sindano iliyofuata walifika wa kwanza, kabla hata ya mlango kufunguliwa. Mikono ilitetemeka kidogo mwezi ule, kisha haikutetemeka tena. Mwezi wa tano Prodige alichukua tezo yake na kurudi kwenye mti wake. Léopold alikuwa amewaambia wote wasiuguse. Mkulima wa Kibumba naye alikuwa amekubali kungoja.

Alichonga usukani. Alifunga magurudumu kwa vipande vya mpira wa tairi. Alipigilia kandambili ya zamani mahali pa kuwekea goti. Muzee Léopold alizunguka karakana na mikono nyuma, akiumia kwa hamu ya kusaidia, lakini hakugusa kitu.

Siku ya kukabidhi, Kahindo alikuja na kitenge chake cha kwenda kanisani. Mimi pia nilikuja. Paulin alikuwa amefika kutoka Butembo na vumbi la safari bado kwenye viatu. Walipakia magunia manne ya viazi. Muzee Léopold mwenyewe aliisukuma, akaweka goti, akashuka nayo mpaka chini ya barabara. Alirudi anahema, uso wote meno.

"Haina kelele, haiyumbe," alisema. "Prodige, chonga jina."

Prodige alipiga magoti na patasi. Kila herufi ilichukua muda wake, na mkono haukutikisika hata mara moja. Alipomaliza, alipuliza unga wa mti.

Kahindo alisogea. Hakuna aliyemsomea. Aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza.

"P-R-O," alisoma. "PRO-DI-GE." Kidole kiliendelea, maana maneno yalikuwa hayajaisha. "WA. KA-HI-NDO."

Akalia mbele yetu wote, bila kuficha. Kisha akaweka viganja vyake viwili juu ya mti ule, akaupapasa kwa nguvu, kama vile ubavu wa mtoto mgonjwa.

"Muzee Léopold," aliuliza, "hii iko na ruhusa ya kukanda?"

"Hiyo kanda, mama," alisema Léopold. "Kanda yote."