Nusu ya Nje ya Kisima

Nyumba aliyorithi rafiki yangu Siok-bi, hapa mjini Lukang, ina kisima kilichopitiwa na ukuta: nusu uani, nusu barabarani ili majirani nao wachote. Nusu ya nje ilizibwa kwa matofali zamani.

Kaka yake mkubwa alitaka na ya ndani izibwe, nyumba iuzike. Siok-bi alipokwenda kupima mdomo wa kisima kwa ajili ya mfuniko, alisikia gizani chini ndoo ikitumbukia, kisha kamba ikivutwa polepole upande wa nje.

Akampigia kaka yake.

"Panya hao, mdogo wangu. Ziba."

"Panya wa Lukang wana ndoo? Sizibi. Mwambie mnunuzi wako kisima kina wenyewe."

Siok-bi akatoka hadi barabarani. Matofali yalikuwa makavu, hayajaguswa. Chini, mbele ya matofali, palikuwa na duara la maji la kitako cha ndoo, na hatua tatu mbele jingine, kama la mtu aliyeitua ndoo apumzishe mkono.