Mbuzi wa Raheli na Ukurasa Wenye Anwani Mbili

Kila Jumamosi Devota alimaliza kufua, akajitanda khanga, akaenda intaneti kafe mjini Dodoma. Huko alisoma habari za ufugaji kwa ajili ya mama yake, Raheli, aliyekaa Kongwa na mbuzi wake. Kikundi chao cha wafugaji kilikuwa na programu ya kubandika maoni. Ukisoma ukurasa, unaandika neno lako pembeni. Mwenzako akiufungua huko aliko, analiona.

Ukurasa mmoja ulieleza dawa ya kuogeshea mbuzi. Devota alimwuliza bwana mifugo, kisha akabandika onyo: "Vitoto vinavyonyonya visiogeshwe. Dawa hii ni kali kwao." Akarudi nyumbani, roho kwatu.

Wiki ile ile mdogo wake, Joel, alipiga simu kutoka Kongwa.

"Dada, vitoto vya mbuzi vimekufa. Vyote."

"Uliviogesha? Si niliandika pembeni?"

"Hukuandika kitu. Nilisoma kwenye kompyuta ya chuo cha wakulima, pembeni peupe. Nikasema, kama kuna ubaya dada angesema."

"Niliandika, Joel."

"Mama hata kula hali. Usije ukamwambia uongo huo."

Simu ikakatwa.

Devota alikwenda kwa Bashiri, mwangalizi wa kafe.

"Leo umekuja na uso wa mtu aliyenyimwa ugali," Bashiri alimtania. Alipoona hacheki, akavuta kiti. "Haya, niambie."

Walifungua ukurasa. Onyo lilikuwepo. Wakampigia Joel, naye akawasomea anwani ya ukurasa aliousoma, herufi kwa herufi, kwa sauti ya kununa. Bashiri akaiandika. Makala ikatokea, maneno yale yale, lakini pembeni hapakuwa na kitu.

Devota alishika shavu. "Kuna mtu kauiba ukurasa?"

"Hapana. Waraka mmoja umewekwa mahali pawili, na programu yenu imelifunga onyo kwenye anwani moja tu. Wewe si Mgogo?"

"Tena wa Kongwa."

"Mama yako hajawahi kumpa rafiki mbuzi amfugie?"

"Wengine wako kwa mzee Matonya."

"Wakilala zizini kwa Matonya, wanakuwa wa Matonya?"

"Wawe vipi? Wana alama yetu sikioni."

"Basi wewe ulibandika onyo kwenye zizi. Ungelibandika kwa mbuzi."

Bashiri alishuka hadi mwisho wa ukurasa. Palikuwa na namba ya waraka na tarehe ya toleo. Kwenye anwani ya Joel pia, namba ile ile, tarehe ile ile. Programu ilikuwa na nafasi ya kujaza mambo hayo. Devota aliijua nafasi ile. Kila mara aliiruka, maana alikuwa na haraka.

"Jaza jina la waraka, namba na tarehe ya toleo," Bashiri alisema. "Onyo litaufuata waraka popote ulipo. Ukikuta namba ile ile lakini toleo jipya, soma upya kwanza. Huenda kipimo kimebadilishwa."

"Na waraka usio na namba?"

"Nakili sentensi unayoisemea, neno kwa neno. Programu itaitafuta."

Devota alijaza polepole. Wakafungua tena anwani ya Joel, onyo likatokea. Badala ya kufurahi, alilia.

Mwisho wa mwezi alisafiri Kongwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Raheli aliitika, akarudi zizini.

Devota alimchukua Joel hadi chuoni. Joel akafungua ukurasa wake mwenyewe. Alisoma onyo, akasoma siku lilipoandikwa mara ya kwanza, akarudia.

"Hii ni kabla sijachanganya dawa."

"Ndiyo. Ila lilikuwa mahali usipoweza kuliona. Hilo ni langu."

Joel alifunga ukurasa. "Nilikuita mwongo mbele ya mama," akasema. "Nitamwambia leo."

Wafugaji wa kikundi walirudia maonyo yao yote kwa namna ile. Masika yaliyofuata mbuzi walizaa tena. Siku ya kuogesha, Joel alifungia vitoto ndani kwanza. Vikapiga kelele kutaka mama zao, Devota akataka kuvifungulia.

Raheli alimzuia mlangoni.

"Viache vilie," alisema. "Vile vya mwaka jana vilinyamaza upesi."